Bila Utani Hatuwashi Injini

Kwetu naitwa Redio, na sikupewa jina hilo kwa sababu nasema mambo ya maana. Nilipewa kwa sababu sizimiki. Mama anasema nilianza kusema kabla ya kuota meno, na kaka zangu wanasema siku nikinyamaza aitwe daktari. Nilipomaliza masomo ya urubani na kupata kazi, hakuna aliyeuliza kama binti yao ataweza kurusha ndege. Waliuliza kama abiria watapata nafasi ya kusinzia.

Basi ajabu ni hii. Nilipoketi mara ya kwanza kwenye kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi, kando ya kepteni mwenye mistari minne begani na mvi kichwani, ulimi wangu uligoma. Miezi mitano ya kwanza nilisema "ndiyo kepteni", "sawa kepteni" na "asante kepteni", nikajiona nina adabu kweli kweli. Kumbe nilikuwa mzigo tu, tofauti ni kwamba mimi nilifungwa mkanda.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja ambaye kampuni nzima, kuanzia wafagizi hadi mafundi, ilimwita Babu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye masikio yaliyomtangulia mlangoni. Koti lake la kazi lilishonwa enzi alizokuwa amenenepa, kwa hiyo lilimning'inia. Miwani yake aliifunga kwa kamba ya kiatu. Alibeba chupa ya chai na vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha msaidizi wake wa siku hiyo. Hewani alikuwa anakwenda kilomita mia nane kwa saa, lakini barabarani aliendesha gari lake pole pole kiasi kwamba waenda kwa miguu waliweza kumsalimia, kumuuliza hali ya nyumbani na kusubiri jibu.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa mkunga aliyestaafu. Waliishi kwenye nyumba ya vyumba vitatu na kibaraza chenye sakafu nyekundu, na kila Jumapili alasiri Babu alitandika magazeti kibarazani akapiga viatu rangi: vyake, vya Bibi, vya wageni, na siku moja hata vya fundi bomba aliyekuja kuziba bomba la jikoni, ambaye ilimbidi akae peku mpaka vikauke. Nilishawahi kumwambia Babu kwamba akiacha urubani hatakosa kazi. Siku hizo nilikuwa nimeshajifunza kumtania. Lakini kujifunza kwenyewe kulikuwa kazi.

Siku yangu ya kwanza kuruka naye, tulikagua kila kitu, abiria wakaketi, mlango ukafungwa. Mimi nikasubiri aseme tuwashe injini. Babu akakunja mikono.

"Haya, nitanie," akasema.

"Samahani, kepteni?"

"Kwanza, humu ndani mimi si kepteni. Mimi ni babu yako. Pili, bila utani hatuwashi injini. Nitanie."

Nilimtazama nikidhani ananipima akili. Nikakohoa, nikajiweka sawa kitini, nikasema, "Babu, shikamoo."

Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Marahaba, mjukuu wangu. Lakini huo si utani, hiyo ni salamu. Abiria mia moja na nane wanakusubiri."

Jasho likanitoka. Mimi, Redio! Mwishowe nikamwambia tai yake ni fupi. Akasema utani ule una utapiamlo lakini kwa siku ya kwanza unatosha, na tukawasha injini.

Alinieleza baadaye, tukiwa tunasubiri mizigo ipakiwe. Jina lile hakulipata kwa uzee. Alijiita mwenyewe akiwa na miaka thelathini na minane, hana hata unywele mmoja mweupe, watu wakadhani amerukwa na akili. "Kepteni unamwogopa," aliniambia huku akinimiminia chai. "Baba unamwogopa zaidi. Mwalimu ndiyo usiseme. Lakini babu? Babu unamwambia meno yake yamebaki matatu na hayo matatu hayapatani, naye anacheka. Hakuna mkubwa mwingine unayeweza kumwambia ukweli usoni na bado ukala kwake. Mtu aliyenitania chini, ulimi wake umepata moto. Nikikosea juu, hana kisingizio."

"Kwani wewe hukosei, Babu?" Nilisema hivyo kwa heshima, nikijua ataniambia hapana.

"Kila siku. Ndiyo maana nakulisha chai."

Kisha akanisimulia habari ya vitunguu. Nimeisikia mara nyingi tangu siku ile na kila mara anaisimulia vile vile, bila kutia chumvi, kwa hiyo naamini ndivyo ilivyokuwa.

Alipokuwa msaidizi kijana, kepteni wake alikuwa ndiye aliyemlea. Alikaa nyumbani kwake wakati anasoma, alikula mezani kwake, alimwita baba. Siku moja walikuwa wanakwenda kutua, na ndege ilikuwa juu sana na mbio sana. Kijana aliona. Aliona mapema kabisa, alipokuwa bado na muda wa kusema. Lakini baba haambiwi hivi hivi. Akatafuta maneno, akayapanga, akayalainisha, akayapaka mafuta, na mwisho akasema: "Baba, leo naona upepo una nguvu kidogo."

"Ndiyo, mwanangu, upo," akajibu baba.

Ndivyo walivyozungumza. Ndege iligusa chini njia ya kutua ikiwa imeshafika katikati. Breki zilitoa moshi, lami ikaisha, ndege ikaendelea kwenye majani na kusimama karibu na uzio. Hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika kifundo cha mkono, na abiria wengine walitoka wakitetemeka. Lakini yule kepteni hakurusha ndege tena maishani. Miezi miwili baadaye kijana alikwenda kumwona, akamkuta anamwagilia vitunguu nyuma ya nyumba.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee akauliza.

"Nilikwambia, baba."

"Uliniambia habari za upepo."

"Hakunifokea," Babu alimalizia, kama anavyomalizia siku zote. "Aliendelea na vitunguu vyake. Angenifokea, ningesahau."

Basi huo ndio mzigo aliokuwa akisafiri nao. Ndiyo maana alikuwa rubani aliyezunguka kuliko wote. Kuzunguka, kwa msiojua, ni hivi: ndege inapokuja kutua, ikifika futi elfu moja juu ya ardhi, kila kitu kiwe kimetulia. Magurudumu yawe nje, mwendo uwe ule unaotakiwa, mteremko uwe ule unaotakiwa. Msaidizi anatazama na kusema neno moja, imetulia au haijatulia. Kama haijatulia, mnaongeza nguvu, mnapanda juu, mnazunguka na kuja upya. Hakuna aibu, hakuna hasara isipokuwa dakika kumi na mafuta kidogo. Kitabu kinasema hivyo. Lakini marubani ni binadamu, na binadamu anaiona njia ile pale mbele yake, nyeupe na pana, na anasema moyoni, nitaipata. Wengi huipata. Huo ndio ubaya wake.

Babu hakuwa na "nitaipata". Na akizunguka, alichukua kipaza sauti akawaambia abiria: "Mabibi na mabwana, tulikuja juu kuliko inavyotakiwa. Kosa ni langu. Tunarudi tuje vizuri." Makepteni wengine husema upepo, husema msongamano wa ndege. Upepo umesingiziwa mengi hapa duniani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Babu alikuwa na miaka sitini na minne, na ukifika sitini na mitano kampuni haikuruhusu kurusha abiria. Kulikuwa na darasa jipya linaanzishwa la kufundisha marubani wapya, na mkufunzi wake alikuwa hajachaguliwa. Babu alilitaka darasa lile kama mtoto anavyotaka baiskeli. Yeye mwenyewe hakusema. Aliyesema ni Bibi, jikoni kwake, siku niliyokwenda kuwatembelea na Babu alikuwa nje akihangaika na viatu vyangu.

"Tangu asikie habari ya darasa, mzee wangu anafundisha sufuria," akaninong'oneza. "Juzi nimemkuta hapa anaiuliza kabati: 'Uliona, mbona hukuniambia?' Kabati ya watu! Nikamwambia, mume wangu, hiyo kabati haijawahi kuona kitu, hata funguo zako haizioni." Akacheka, kisha akapunguza sauti. "Lakini wakimnyima, mwanangu, sijui nitamweka wapi. Huyu si mtu wa kukaa akahesabu vigae. Hii ya kufundisha ndiyo deni lake kwa yule mzee wa vitunguu."

Wa kuamua alikuwa mkuu wa marubani, tuliyemwita Mkuu tu. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, nadhifu, kalamu tatu mfukoni zimepangwa kwa urefu. Babu ndiye aliyemfundisha kazi miaka kumi na tisa nyuma, na Mkuu alimheshimu sana, labda kupita kiasi. Alimwamkia kwa kuinama, hakuwahi kumwita Babu hata siku moja. Alimwita kepteni. Na mambo ya utani hayakumkaa kabisa. Kuna siku alipita mlango wa chumba cha rubani akasikia msaidizi mmoja akimwambia Babu kwamba masikio yale yakifunguliwa hewani ndege itapunguza mwendo yenyewe. Mkuu hakucheka. Kikaoni akasema, "Kile ni chumba cha kazi, si kijiwe. Mambo ya babu na wajukuu yabaki nyumbani." Alikuwa na mtu mwingine wa darasa akilini, kepteni mmoja mwenye vyeti vya kujaza ukuta. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akasema atasafiri na Babu safari moja, atakaa kiti cha nyuma yetu, ataona mwenyewe, kisha ataamua.

Msaidizi wa safari hiyo nilikuwa mimi.

Ilikuwa asubuhi safi, mbingu haina hata wingu la kusingizia. Babu alikuja na koti limepigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Miwani ilikuwa na kamba mpya. Chupa ya chai aliiacha nyumbani, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Tulikagua vitu vyetu, mlango ukafungwa, Mkuu akajifunga mkanda nyuma yetu na daftari gotini. Mimi nilikuwa nimeshaandaa utani wangu tangu jana yake, mzuri, unahusu lile gari lake na kobe. Nikafungua mdomo.

"Leo tuache," Babu akasema kwa sauti ya chini bila kunitazama. "Tuna mgeni."

Tukawasha injini.

Sitaki kumlaumu. Mtu akitaka jambo sana, hujificha hata mbele ya yule aliyekuja kumwona. Lakini niliona kitu kimeondoka mle ndani, na mimi mwenyewe, bila kujua, nikarudi kuwa yule wa "ndiyo kepteni". Kwenda tulikwenda vizuri. Abiria wakashuka, wengine wakapanda, tukageuza kurudi nyumbani.

Tulipoanza kuteremka, mwongozaji wa ndege kwenye mnara alituambia, kwa wema tu, kwamba njia ni nyeupe na tukipenda tunaweza kukata kona tuje moja kwa moja. Siku nyingine zote Babu hukataa. Husema, "Asante, baba, tutafuata njia ndefu, abiria wamelipia dirisha." Siku hiyo akanitazama, akatazama mbele, akasema, "Mwambie tunakuja."

Kukata kona kulitufanya tuwe karibu mno na njia huku chini kukiwa bado mbali mno. Na ndege ile ilikuwa na tabia moja: haiwezi kushuka na kupunguza mwendo kwa wakati mmoja. Ukiishusha haraka, inakimbia. Ukiizuia isikimbie, inabaki juu. Na upepo ulikuwa unatusukuma kwa nyuma. Babu akatoa magurudumu mapema ili yavute hewa. Ndege ikatetemeka, ikapunguza kidogo, haikutosha.

"Nitaipata," akasema, polepole, kana kwamba anaongea na kabati.

Neno lile sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Nyuma yangu Mkuu akakohoa. Nikadhani ni ubaridi wa hewa ya mle ndani.

Futi elfu mbili na mia tano. Njia ilikuwa pale mbele, nzuri, inazidi kupanuka, na sisi tunaiangalia kutoka juu kama watu waliopanda darini. Nilijua. Nawaambia kweli, nilijua, na kitabu kilinipa neno la kusema, na nikalisema. "Kasi," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwenye meza ya watu.

"Naiona," akasema Babu.

Mkuu akakohoa tena. Futi elfu moja na mia tano. Nafikiria daftari lile gotini, nafikiria Bibi na sufuria zake. Nikisema zunguka sasa hivi, mbele ya mkubwa, nimemharibia mzee wa watu darasa lake. Nikinyamaza, huenda akaipata. Nikatafuta maneno. Nikayapanga. Nikafungua mdomo na kusema, kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu:

"Kepteni, naona upepo unatusukuma kidogo."

"Ndiyo, upo," akasema.

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia, na nikamwona mzee nisiyemjua ameshika ndoo ya maji juu ya vitunguu. Hasira ilinipanda, hasira ya kweli, juu yangu, juu ya Babu, juu ya yule aliyeketi nyuma na kalamu zake tatu. Sauti ya mashine ikatangaza futi elfu moja.

"Babu, haijatulia! Zunguka!" Ningeishia hapo ingetosha, lakini redio ikiwaka imewaka. "Zunguka, cheo hakiko kule chini!"

Hapa ndipo nitakapomsifu mpaka nife. Mkono wake haukungoja. Hakuniuliza una hakika, hakumtazama Mkuu, hakusema nitaipata. Neno langu lilikuwa bado hewani, naye ameshasukuma nguvu ya injini hadi mwisho, pua ya ndege inapanda, na anasema kwa sauti tulivu kabisa, "Tunazunguka." Tukapanda. Njia ikapita chini yetu, na sote watatu tukaiona jinsi tungeigusa mbali, mbali sana, karibu na yale majani ya mwisho.

Nikapandisha magurudumu. Babu akachukua kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, tulikuja juu sana na kwa mwendo mkubwa. Kosa ni langu, na msaidizi wangu amelisahihisha. Tunazunguka tuje vizuri. Dakika kumi na mbili." Akarudisha kipaza sauti mahali pake. Kisha, bila kugeuka: "Utani wa leo ulikuwa na pilipili."

"Nisamehe, Babu."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekuacha na ulimi baridi."

Tulitua mara ya pili vizuri kiasi kwamba hata kikombe kisingemwaga, kama kingekuwepo. Abiria wakashuka. Mama mmoja mzee mwenye fimbo alisimama mlangoni akatuambia, "Ahsanteni, nimeuona mji wote bure." Babu akamwambia wakati mwingine atamzungusha mara mbili.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshamzika Babu akilini. Tuliingia chumba cha mapumziko cha marubani, chenye ile meza inayochezacheza kwa kuwa mguu mmoja umewekewa gazeti chini, na Babu akavuta fomu. Ukizunguka unajaza fomu. Akaandika tarehe, akaandika safari, akafika penye sababu. Nilichungulia begani kwake. Aliandika, kwa mwandiko wake wa shule: Kepteni alitaka sifa.

Mkuu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Akaisoma fomu kichwa chini, uso ukamwiva.

"Kepteni, huwezi kuandika hivyo."

"Niandike nini?" Babu akauliza. "Niandike upepo?"

Nilisikia birika kwenye kona linaanza kuchemka. Mkuu akavuta kiti, akaketi, na kwa mara ya kwanza nikaona amechoka kama watu wengine.

"Niliona," akasema. "Niliona kabla ya huyu binti. Tangu futi elfu tatu niliona kwamba haitatulia. Mimi ndiye mkuu, kitabu kinanipa haki ya kusema wakati wowote." Akapangusa paji la uso. "Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kushika usukani, kepteni. Nitakuambiaje? Nikakohoa."

"Nilikusikia," akasema Babu. "Mara mbili."

"Na hukuelewa?"

"Nilidhani unaniambia habari za kifua."

Niliinama nikajifanya nafunga kamba za kiatu, kwa sababu machozi yalinitoka na sikutaka yaonekane. Viatu vyangu havina kamba.

Mkuu hakuamua siku ile. Alichukua fomu, akainama kama kawaida yake, akatoka. Siku tisa tukangoja. Siku ya nne Bibi alinipigia simu kuniambia sufuria zimepumzishwa, mzee hafundishi, amekaa kibarazani anapiga rangi viatu vilivyokwisha kupigwa rangi. Nilimwomba anisamehe kwa yale niliyoyasema mle ndani. Akanijia juu. "Wewe mtoto, usiniudhi! Mume wangu amerudi nyumbani akiwa mzima na watu mia moja wamerudi makwao, halafu unaniomba msamaha? Kawia ufike. Sahani yako ipo, njoo ule." Nilikwenda. Babu alinifungulia mlango akaniuliza utani wangu wa kobe ulikuwaje. Nilipomwambia, akacheka akiwa ameshika nguzo, na nikajua kwamba kwa upande wangu hakuna kilichoharibika.

Siku ya kumi darasa lilifunguliwa. Chumba kilinuka rangi mpya. Marubani wapya kumi na wawili walikaa wima, mashati meupe, adabu imewakaba shingoni, kila mmoja ananikumbusha mimi. Nilikuwa nimeitwa nikae nyuma, sikuambiwa kwa nini. Mbele, kando ya ubao, alisimama Babu na koti lake la kuning'inia, na mezani kwake kulikuwa na chupa ya chai na vikombe vingi kuliko nilivyowahi kuona akibeba.

Mkuu akaingia kufungua darasa. Tulitarajia hotuba. Alikuwa na karatasi mkononi, akaitazama, akaikunja, akaitia mfukoni nyuma ya zile kalamu tatu. Kisha akamgeukia Babu, mikono imenyooka ubavuni kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Babu," akasema. Neno lilimtoka kwa shida, kama mwiba. "Siku ile ulikuwa juu sana na mbio sana. Ungetutia kwenye majani."

Kijana mmoja wa mbele aliangusha kalamu na akaogopa kuiokota. Babu alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti, akachukua muda mrefu kuifuta.

"Huo si utani, mjukuu wangu," akasema. "Huo ni ukweli."

"Najua," akasema Mkuu. "Kuusema kumenichukua miaka kumi na tisa."

Babu akamiminia chai kikombe cha kwanza, akampa.